Mistari Thelathini Tu

Kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, katika eneo la Kabambare, kuna mji wa dhahabu wenye majina mawili kwenye makaratasi. Mji wenyewe huandikwa Salamabila. Zoni yake ya afya huandikwa Saramabila. Masikio hayasumbuki, maana l na r zimezoea kupishana midomoni mwetu. Inayosumbuka ni kompyuta: ukiiandikia moja, haiioni nyingine.

Tuseme karani wa afya ana programu yenye orodha ya wagonjwa wa maeneo ya Kasongo na Kabambare na mahali wanakotoka, mistari 60,000. Anaandika s kwenye kisanduku cha kutafutia, skrini inaganda. Anaandika a, inaganda tena. Fundi ameitwa. Tuketi nyuma yake, tutazame.

Kwanza habadilishi kitu. Anapima. Anatega saa mwanzoni na mwishoni mwa kila hatua, kisha anaandika herufi moja na kusoma tarakimu. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro una takriban milisekunde 16. Kazi ikizidi hapo, jicho huona mkwamo. Saa zinamwambia kwamba kulinganisha herufi si mzigo mkubwa. Mzigo ni ujenzi: programu inaunda maandishi, visanduku na vitufe kwa kila mgonjwa, mara 60,000, ilhali dirisha linaonyesha mistari 30 tu.

Anaanzia hapo. Anabakiza mistari 30, na michache ya akiba juu na chini. Karani akishusha orodha, mstari unaotoweka juu haubomolewi. Unavuliwa jina la zamani, unavishwa jipya, unapangwa chini. Kazi hii ina vifaa vyake: GTK 4, maktaba ya kuundia madirisha ya programu, iliyotoka Desemba 2020, ilikuja na orodha zinazotumia mistari ileile tena na tena.

Kisha anashughulikia majina, ya watu na ya mahali. Kila jina analiandalia umbo la siri: herufi zote ndogo, é iwe e, r iwe l. Salamabila na Saramabila zinakuwa kitu kimoja. Kabambare inageuka kabambale, lakini hakuna atakayeiona. Kwenye skrini jina linabaki kama lilivyoandikwa. Maandalizi haya hufanyika mara moja tu, programu inapofunguka. Neno analoandika karani nalo linapitishwa njia hiyohiyo.

Sasa chujio lenyewe. Jina lisilo na "sa" haliwezi kuwa na "sal". Basi herufi ya tatu ikiingia, fundi anachunguza tu majina yaliyosalia kwenye ya pili. Muosha dhahabu wa machimbo ya Namoya, jirani na Salamabila, angemwelewa: mchanga ukishapungua, haurudii mto mzima, anaosha kilichobaki kwenye karai. Karani akifuta herufi, hesabu inageuka. Majina yaliyokwisha kupita yanabaki yamepita. Yanayochunguzwa ni yaliyokataliwa. GTK 4 huuliza jambo hilohilo: sharti limekazwa au limelegezwa? Neno likibadilika kabisa, hapo ndipo kazi inaanza upya.

Hata hivyo, herufi ya kwanza lazima ipite orodha nzima. Fundi anaikata kazi hiyo vipande. Anachunguza majina kwa milisekunde chache, anaiachia skrini ijichore na kibodi isikilizwe, kisha anaendelea alipoishia. Herufi mpya ikiingia katikati, kazi ya zamani anaitupa, kwa kuwa jibu lake halingojwi tena na mtu.

Limebaki jambo dogo, nalo halipuuzi. Karani amechagua mgonjwa wa mstari wa 12. Orodha ikifupika, mstari wa 12 ni mtu mwingine. Fundi anafunga uchaguzi kwenye namba ya mgonjwa, si kwenye nafasi ya mstari, ili dawa ya mmoja isiandikwe kwa mwenzake.

Mwishowe anapima tena, safari hii kwenye kompyuta kuukuu ya karani, si kwenye yake. Karani anaandika "sala". Orodha inafuata vidole vyake, kisha inatulia: Salamabila, na chini yake Saramabila, kila moja kwa tahajia yake. Karani hasemi kitu. Ameshaanza kusoma jina la mgonjwa. Nyuma yake fundi anategua saa zake, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.