Ulimi wa Kuazima

Katika mashindano ya kuhutubu ya skuli zetu mna jambo ambalo wazazi tunalipigia makofi, na lilikuwa la kusikitikiwa. Mtoto hupanda jukwaani, akatoa salamu, akanyanyua mkono pale alipofundishwa kunyanyua, akapaza sauti pale alipofundishwa kupaza, na kila neno alitamkalo limeandikwa na mwalimu wake. Akishuka hupewa kikombe. Muulize mlangoni maana ya neno moja katika hayo aliyoyasema, utamwona anamtafuta mwalimu kwa macho.

Hiyo ni hifdhi, na hifdhi ina mahala pake patukufu, chuoni. Ama hotuba ni mtu mwenye jambo lake, mbele ya watu ambao hawajalijua au hawajalikubali.

Tazama khutba ya Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria (632). Imepokewa katika Bukhari kwa Abu Bakra kwamba aliwauliza watu: leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, huu ni mji gani? Kila alipouliza alinyamaza, hata masahaba wakadhani kuwa atavipa majina mengine. Ndipo akawaeleza kuwa damu zao na mali zao na heshima zao zina uharamu kama wa siku ile, katika mwezi ule na mji ule. Basi lile swali ndilo lililobeba hoja, na ule unyamavu ndio uliowafungua masikio. Watoto wetu nao hufundishwa kuanza kwa swali, "Je, hadhirina, maji ni nini?", lakini hawangoji hata pumzi moja. Swali limekuwa pambo tu, kama darizi ya ukosi wa kanzu.

Wasil bin Ataa, aliyefariki mwaka wa 131 Hijria (madhehebu yake si yetu, lakini hilo lina siku yake), hakuweza kutamka herufi ya ra. Vitabu vya fasihi ya Kiarabu vimehifadhi khutba aliyoitoa mbele ya liwali wa Iraq isiyokuwa na ra hata moja. Aliweza kwa kuwa jambo lilikuwa lake. Neno hili likimshinda, huchukua jingine. Mwenye maneno ya kuazima hana njia hiyo. Likimponyoka moja husimama kimya, jasho likimtoka, na mwalimu akimnong'oneza kutoka kando.

Watasema walimu: mtoto ana lipi la kusema? Mwachieni wa Lamu aseme juu ya maji. Asianze na bahari za dunia. Na aseme juu ya visima vya matuta ya Shela, jinsi mchanga ule unavyohifadhi maji ya mvua, na kwa nini anayejenga juu yake huwagusa watu wa mji mzima. Hapo hata mzee aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake tu atainua kichwa, maana maji hayo ndiyo anayoyanywa.

Waamuzi nao dawa yao ni nyepesi. Mtoto akimaliza, kabla ya makofi, na aulizwe swali moja ambalo mwalimu hakulitarajia, na nusu ya alama ziwe za jawabu lake. Akigugumia lakini akajibu kwa lake, apewe.