Kukihesabu Kifafa: Namna Matabibu wa Ubongo Walivyofanya Kazi Kilifi

Katika mji wa wavuvi, mwenye kifafa hutambulikana kwa pale asipoonekana: haonekani chomboni, kwa kuwa nahodha mwenye akili timamu hatweki tanga na mtu awezaye kuanguka baharini bila ya kujua, haachwi jikoni peke yake, kwa kuwa mafiga matatu na moto wake yamekwisha kuwaunguza wengi wa namna yake, na akija mgeni barazani kuuliza hali za watu wa nyumba, jina lake aghalabu halitajwi. Nimekulia Watamu nikiyaona hayo, na kwa hiyo niliposoma kwamba wako matabibu waliojaribu kuwahesabu watu hawa, nyumba kwa nyumba, katika nchi yetu hii ya Kilifi, sikutaka kwanza kujua ni wangapi waliopatikana. Nilitaka kujua walipatikanaje.

Ili kulijibu hilo, nianze mbali kidogo. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, tabibu atakaye kuifanya mishipa ya fahamu kuwa kazi ya umri wake aghalabu hukutana mapema na maltipo sklerosisi, maradhi ambayo askari wa mwili wenyewe huugeukia utando unaoifunika mishipa hiyo wakauharibu. Ni maradhi yaliyobainishwa na Jean-Martin Charcot mjini Paris mwaka 1868, na ambayo huzidi kuwa adimu kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Chanzo chake kilifichika kwa zaidi ya karne, na fununu kubwa kuliko zote ikaja kwa njia ya kuhesabu, pale Alberto Ascherio na wenziwe wa Harvard, mwaka 2022, baada ya kupekua kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 na damu zao zilizowekwa akiba, walipoonyesha kwamba aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake ya kupata maradhi hayo huongezeka mara 32. Tabibu aliyekuja pwani yetu hakupewa maradhi hayo wala akiba hiyo ya damu. Alilopewa ni degedege.

Kituo cha utafiti cha Kilifi kilianzishwa mwaka 1989 katika hospitali ya wilaya, kwa ushirika wa KEMRI, yaani taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, mfuko wa Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, chini ya uongozi wa Kevin Marsh. Na miongoni mwa matabibu wa miaka ile ya awali alikuwamo Charles Newton, mwanachuoni wa ubongo wa watoto, ambaye jina lake limefungamana na mji ule hata leo. Wodi ilikuwa na watoto wa malaria ya ubongo: mtoto huchemka homa asubuhi, hushikwa na degedege adhuhuri, na jua likitua hamjui mamaye. Wagiriama hali hiyo huiita nyuni, au nyama wa dzulu, yaani mnyama wa juu, ndege aliyeteremka kumkamata mtoto. Na jina hilo si la kudharauliwa, kwa sababu limehifadhi kwa usahihi namna jambo lenyewe linavyokuja, ghafula, kutoka mahali pasipoonekana. Mwaka 1991, katika jarida la Lancet, Newton na wenziwe walieleza kwamba shinikizo ndani ya fuvu la watoto hao hupanda, wakalipima kwa maji ya uti wa mgongo. Na tangu hapo swali likawa, mtoto aliyeokoka anarudi nyumbani na ubongo wa hali gani?

Kabla sijalifuata swali hilo, yapo majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000 ambayo siwezi kuyapita. Ilidhaniwa, na dhana hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwamba mtoto wa malaria ya ubongo akitangulizwa fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, kabla ya degedege kumrudia, ubongo wake utasalimika. Jane Crawley na wenziwe wa kituo hicho hicho wakawagawa watoto 340 kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa na nusu wasipewe. Degedege ilipungua kama ilivyotarajiwa: walioshikwa mara 3 au zaidi walikuwa 18 upande wa dawa, na 46 upande wa pili. Walakini waliokufa upande wa dawa walikuwa 30, na upande wa pili 14. Lau matabibu wale wangelihesabu degedege peke yake, wangeliitangazia dunia dawa iuayo kuwa ni dawa iponyayo. Na kwa kuwa walizihesabu roho pia, na wakalichapisha tokeo hilo bila ya kulipunguza makali, mimi nimeziamini hesabu nyingine zilizotoka katika nyumba hiyo.

Swali la mtoto aliyeokoka lilijibiwa mwaka 2004, na Julie Carter, Newton na wenzao, kwa kuwarudia watoto 487. Miongoni mwa waliopata malaria ya ubongo, kifafa kilikutwa kwa 9.2 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata malaria yenye degedege kali, 11.5; na miongoni mwa wasiopata lolote katika hayo, 2.2. Ndege yule wa wazee, basi, haondoki daima bila ya kuacha kitu kiotani.

Hapo ndipo ilipolazimu kutoka hospitalini, maana hospitali haimwoni ila aliyeletwa. Tangu mwaka 2000 kituo kilikuwa na daftari la watu wa eneo zima la kuzunguka Kilifi, zaidi ya laki 2, likisahihishwa mara kwa mara kwa makarani wapitao majumbani, nalo ndilo lililofanywa msingi. Uchunguzi ulipangwa kwa hatua tatu, mfano wa chujio juu ya chujio. Kwanza, karani alimwuliza mkuu wa nyumba maswali mawili tu juu ya watu wake. Pili, waliotajwa walifuatwa na mtumishi aliyefunzwa, akawauliza kwa urefu. Tatu, waliobaki walionwa na tabibu, akasikiliza habari zao na kuwapima. Sharti lilikuwa bayana: mtu awe ameanguka mara 2 au zaidi pasipo sababu ya homa au nyinginezo, kwa mwachano wa saa 24 angaa, na mara mojawapo iwe katika miezi 12 iliyopita, au awe anatumia dawa. Kadhalika walijifunga na kifafa cha kutukutika peke yake, wakakiacha kile ambacho mtu huduwaa kitambo kisha akarejea, kwa kuwa hicho hata mama mzazi huweza kukidhania kuwa ni ukaidi wa mtoto. Mimi naona walifanya vema kukubali kujua kidogo kwa yakini kuliko kudai mengi kwa kukisia.

Tatizo lilikuwa katika hatua ya kwanza. Kifafa, ambacho Wagiriama hukiita vitsala, ni neno linalovunja posa. Na mkuu wa nyumba akiulizwa mbele ya jirani, ulimi wake una sababu elfu za kusema hatuna. Chujio lilipopimwa kwa watu ambao hali zao zinajulikana, ikadhihirika kwamba asiye mgonjwa halikumwita mgonjwa, ila wagonjwa wenyewe lilinasa takriban nusu yao tu. Mtafiti mwenye haya angeliificha aibu hiyo ya chombo chake. Hawa waliifanya kuwa sehemu ya hesabu: idadi iliyoonekana ikazidishwa kwa kadiri ya iliyojificha. Katika uchunguzi wa awali uliochapishwa mwaka 2008, wa watu 151,408, walioonekana walikuwa 2.9 kwa kila 1,000, na baada ya kusahihisha wakawa 4.5; katika ule wa pili, uliotangulizwa na Anthony Ngugi mwaka 2013 na kuziunganisha Kilifi, Ifakara ya Tanzania, Iganga na Mayuge za Uganda, Kintampo ya Ghana na Agincourt ya Afrika Kusini, Kilifi ilihesabiwa 7.8, na Ifakara 14.8. Kwa rai yangu, tafauti ya 4.5 na 7.8 si dalili kwamba maradhi yaliongezeka kwa kasi hiyo. Ni dalili kwamba watafiti walizidi kuujua ukubwa wa kificho.

Hila nyingine iliyonipendeza ni ya damu. Caroline Mbuba na wenziwe, mwaka 2012, walipotaka kujua ni wangapi wasiopata tiba, hawakuridhika na kauli ya mtu kwamba anameza vidonge. Walitafuta dawa yenyewe katika damu, kwa watu 673, na wakakuta kwamba 62.4 katika kila 100 hawakuwa wakitibiwa. Sababu walizozikuta si ujinga peke yake: umbali wa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, bei ya dawa, na kukata tamaa kwa aliyeugua zaidi ya miaka 10. Mwaka 2014 Fredrick Ibinda na wenziwe waliwafundisha wagonjwa na jamaa zao, katika majaribio ya watu 738. Itikadi zikabadilika kuwa bora, lakini dawa katika damu haikuongezeka. Na mwaka huo huo Ngugi alionyesha kwamba wenye kifafa hapa Kilifi hufa mara 6 na nusu zaidi ya wenzao, na kwamba asiyeshika dawa yuko hatarini zaidi.

Ewe msomaji wa Watamu, Gede au Matsangoni, hesabu zote hizi zilianzia katika kinywa cha mkuu wa nyumba aliyeketi barazani. Karani akija mlangoni pako na daftari lake, na nyumbani mwako yuko ambaye hukaa chumba cha uani, mtaje.