Mkebe wa Mikia

Ukivuka Makupa kutoka kisiwani kuelekea Changamwe, Kibarani siku hizi inatazamika. Nyasi zimeota, miti imepandwa, na jioni watu hukaa wakipunga upepo na kupigana picha. Si zamani sana matatu ikifika hapa abiria walifunga madirisha bila kuambiana, na mwenye leso akajiziba pua. Jaa la Mombasa lilikuwa hapa, kilima cha taka kilichoteremka hadi majini, na moshi wake haukujua usiku wala mchana. Likafungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, na 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, maji ya hori yakapata tena pa kupita. Hakuna anayelililia jaa, wala mimi. Ninaoulilia ni mkebe mmoja wa biskuti.

Mkebe huo ni wa bati, wa mviringo, wa aina ile inayonunuliwa Idi kwa ajili ya biskuti na kuishia kutiwa nyuzi na sindano. Mwenyewe ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, mahali ambapo malori ya kontena yakipita meza nzima hutetemeka. Jina lake sitalitaja. Nilipomwomba ruhusa alicheka: “Uniandike, kisha kanjo waje wanitafute?” Basi atabaki Fundi.

Ndani ya mkebe mna mikia. Mkia, kwa lugha ya Fundi, ni urefu wa shibiri moja wa waya uliokatwa kutoka pawa saplai iliyokufa, ukiwa bado na kichwa chake cha plastiki. Kila mkia umefungwa uzi wa kushonea, na kwenye uzi kuna kikaratasi cha daftari kilichokunjwa mara mbili. “HP 6.” “Lenovo 14.” “Dell 8, tizama pini ya mwisho.” Hesabu hizo ni za pini. Vikaratasi vingine vina alama ya kuuliza tu, na hivyo ndivyo nilivyovipenda zaidi, maana mtu aliyehifadhi kitu asichokijua kwa miaka, akisubiri siku kitakapoulizwa, ni mtu wa namna ambayo hatuioni sana.

Mikia ilitoka jaani. Waokotaji walikuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba, na katika kuchoma, hicho kichwa nacho kiliyeyuka. Shaba ilipimwa kwa kilo, kichwa hakikuwa na bei. Fundi ndiye aliyekipa bei. Aliwaambia vijana, “Kabla ya moto, nipitieni mimi,” na akawa analipa mkia mmoja zaidi ya shaba iliyomo. Mke wake, anasema, alidhani amerogwa: mtu anatoka asubuhi na pesa, anarudi jioni na waya mbovu.

Nilimwendea mara ya kwanza baada ya umeme wa mtaani kwetu kupotea na kurudi kwa kishindo. Kompyuta yangu ilikuwa ya mezani, mtumba, iliyofanya kazi katika ofisi fulani Ulaya kabla ya kuteremshwa bandarini. Pawa saplai ilikuwa imekufa. Nikaenda mjini nikanunua nyingine, mpya, ndani ya boksi, nikafungua kwa furaha ya mtu aliyejitegemea. Kichwa chake kikubwa kilikuwa na pini 24. Bodi ilikuwa na nafasi ya pini 6. Muuzaji niliyemrudia alinitazama kwa huruma, akanishauri ninunue kompyuta nyingine.

Fundi hakushauri kitu. Alichukua kibanio cha karatasi, akakikunja kama herufi U, akakichomeka kwenye kile kichwa cha pini 24, ncha moja kwa waya wa kijani, ncha ya pili kwa mweusi. Feni ikazunguka. “Hii nzima,” akasema, kama daktari aliyeona mtoto analia. Kisha akatoa mita. Waya wa njano, 12.1. Mwekundu, 5. Wa chungwa, 3.3. Wa zambarau, 5, na huo akanionyesha mara mbili: hata feni iliposimama, 5 yake haikuondoka. Huo haulali mpaka uchomoe ukutani. Hesabu zote aliziandika kwa biki mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, ingawa, kwa hakika, amekwisha kuzipima maelfu ya mara na angeweza kuzisema usingizini.

Nikamuuliza kwa nini anapima rangi anazozijua.

“Babangu,” akasema, “rangi ni ahadi. Mimi napima.”

Tatizo la bodi yangu lilikuwa hapo kwenye zambarau. Pawa saplai ya kawaida, kompyuta ikiwa imezimwa, hubakisha volti 5 za kulindia mlango, ili ukibonyeza kitufe pawe na mtu wa kukusikia. Bodi yangu ilitaka 12 hata usingizini, na hizo 5 na 3.3 za mchana ilijitengenezea yenyewe kutoka kwa 12. Fundi akatoa kwenye bahasha kibao kidogo cha kupandisha volti, ukubwa wa stempu ya posta, chenye skrubu ya shaba isiyozidi punje ya mtama. Akakiunga kwa waya wa zambarau, mita ikiwa upande wa pili, akaanza kuizungusha ile skrubu kwa bisibisi ya miwani. 5. Hakuna kitu. Mizunguko mingi bila kitu, hata nikadhani kimekufa. Halafu 6, 7.4, 9. Lori likapita, akaacha, akangoja meza itulie. 11.2. 11.8. Hapo akawa hazungushi tena, anagusa tu. 12.0. Akadondoshea tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili isije ikajizungusha yenyewe. Rangi ya kucha ilikuwa nyekundu. Sikuuliza ya nani.

Ndipo akafungua mkebe. Mkia wa pini 6 ulikuwapo, uzi wake umefifia. Aliumenya waya kwa waya, akavifunga viungo vyake kama ndoana mbili zinazoshikana, akavipasha moto kutoka chini na kuigusisha risasi kutoka juu, ili risasi ivutwe na joto la waya wenyewe na isidondoshewe. Akavivika mpira wa kubana, akapitisha kiberiti. Kisha akashika kila kiungo akakivuta kwa nguvu, nguvu iliyonitisha. “Nisipovuta mimi, atavuta mtoto wako kwa mguu.” Baada ya hayo yote alipima tena, safari hii kwenye kichwa kile kidogo, pini moja moja, akilinganisha na mgongo wa mkono wake. Kazi ya kuunga ilichukua dakika ishirini hivi. Kupima kulichukua saa nzima.

Ukitaka kujua thamani ya saa hiyo, kumbuka kilichotokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Intel ilikuwa imetoa kipimo cha ATX mwaka 1995, na watengenezaji wakakubaliana juu ya kichwa kimoja cha pini 20: kila waya na mahali pake. Dell wakachukua kichwa kilekile, sura ileile, kisha kwa miaka kadhaa wakazipanga nyaya zake kwa mpango wao. Pawa saplai ya dukani iliingia kwenye bodi yao vizuri kabisa, ikabana, ikalia ‘tak’. Ukiwasha, moja kati ya hizo mbili inakufa. Mafundi wa zama zile waliijua habari hii kwa pua kabla hawajaisoma popote. Kichwa cha pini 6 angalau kina uungwana wa kukataa kuingia.

Ajabu ni kwamba kompyuta hizi zilizaliwa zikiwa wazi. IBM walipotoa ile yao ya 1981 waliiunda kwa vipande vya kawaida vya sokoni, ndiyo maana dunia nzima ikaiiga. Mwaka 1987 wakajaribu kuufunga mlango kwa mashine za PS/2, wenye kutaka kutengeneza kadi zake walipe ruhusa. Washindani tisa, Compaq akiwa mbele, wakaja na njia yao mwaka uliofuata, na mlango wa IBM ukabaki na IBM. Lakini wazo la mlango halikufa. Lilipungua tu likawa dogo kiasi cha pini moja.

Chaja za laptopu za Dell, kwa mfano, zina sindano nyembamba katikati ya kichwa. Haipeleki umeme wa maana. Kazi yake ni kuuliza jina. Ndani ya chaja mna chipu ndogo yenye kujibu, na ikikosekana laptopu huwaka lakini inakataa kujaza betri, na mwendo wenyewe inaupunguza. Fundi akipata chaja iliyokufa huitoa chipu hiyo kama mtu atoaye lulu, akaihamishia kwenye chaja nzima ya kampuni nyingine. Umeme ni uleule. Kilichobadilika ni kitambulisho. Na zipo ThinkPad za zamani ambazo ukizitia kadi ya Wi-Fi isiyo kwenye orodha yao husimama pale pale na kuandika 1802, hazisongi mbele mpaka uitoe. Kadi nzima, isiyo na kosa ila kuzaliwa nyumba nyingine.

Pale Mji wa Kale nilimwona seremala akiutengeneza mlango wa nakshi uliotundikwa kwa bawaba za dukani. Milango hiyo haikuumbwa kwa bawaba. Inazunguka juu ya vigingi vyake, chini kimoja na juu kimoja, na uzito wote hukaa kizingitini. Aliyepigilia bawaba alikuwa na haraka, na fremu ikapasuka kwa urefu wa mkono. Seremala hakulaani. Alipitisha kidole kwenye ufa, taratibu, akiusoma. Nikamkumbuka Fundi na pini zake.

Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, saiba zilijaa mjini, na saiba hizo ziliishi kwa kompyuta za mtumba zilizoshikiliwa na watu kama Fundi. Leo saiba zimepungua, na kinacholetwa hakifunguki. Apple walipotoa MacBook Pro yao ya Retina mwaka 2012, kumbukumbu ilikuja imechomelewa kwenye bodi, na wengi wakafuata. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa kitu chake kikishakuwa taka. Ni sheria njema. Ila inamngojea kaburini. Kule Oregon, Marekani, mwaka 2024 walipitisha ya kumzuia mtengenezaji asikifanye kifaa kukataa kipuri kizima kwa sababu ya jina tu. Sisi tunatupa, kisha tunapanda nyasi juu yake.

Siku hizi kijana anayejifunza kwa Fundi huagiza mikia iliyotengenezwa tayari China, kwenye simu, bei ya sahani ya pilau. Nyaya zake zote ni nyeusi. Zote. Fundi huzipokea, hushukuru, kisha hutoa mita na kuanza pini ya kwanza. Kijana hutazama simu.

Mkia wangu niliazimwa, sikuuziwa. “Mashine ikifa,” aliniambia, “usitupe. Nikatie mkia, uniletee.” Ilidumu miaka minne. Mwezi uliopita bodi ikazimika kabisa, nikachukua kisu cha jikoni nikakata, nikapanda matatu hadi Kibarani. Mkebe alipoufungua ulikuwa na mikia mitatu, na kikaratasi kimoja kisicho na mkia. Akaupokea wangu, akautambua uzi wake. Akaunyoosha juu ya meza, akaupima kwa vidole.

“Umekata karibu mno na kichwa,” akasema.

Akaufunga uzi upya, akautia mkebeni.