Kuunga Mfupa

Fundi wa chumba cha plasta huanza na maji. Huyaonja kwa vidole: yakiwa ya moto, plasta itaganda angali katikati ya kazi, yakiwa baridi, itamkawiza. Nilimtazama mmoja siku mpwa wangu alipoanguka kwenye keria ya baiskeli akavunjika mkono. Alimvisha soksi nyembamba, akazungusha pamba, kisha akazamisha bandeji ndooni akasubiri mapovu yaishe. Hakuikamua kama nguo. Aliibinya tu kwenye ncha. Kila mzunguko aliulainisha kwa kiganja, maana alama ya kidole ikigandia hapo itamfinya mtoto hadi siku ya kufunguliwa.

"Itapata joto kidogo," alimwambia. "Usiogope, baba."

Ikapata joto kweli. Ile ni jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Makanya kule Same, iliyookwa ikapoteza maji yake. Ukiirudishia maji, hugeuka jiwe tena na kutoa joto. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, ndiye aliyeipaka kwenye bandeji mwanzoni mwa miaka ya 1850, na mtindo wake ungali unatumika.

Lakini hogo, kama liitwavyo mtaani, haliungi kitu. Linashikilia tu. Mwunga mfupa yumo ndani.

Damu huvuja na kuganda palipovunjika. Baada ya siku kadhaa gegedu laini huanza kutanda kati ya vipande viwili, kama miti wanayoifunga mafundi ili wapate pa kusimama wakipandisha ukuta. Kisha seli wajenzi hupanga nyuzi za kolajeni na kuzijaza chumvi za kalsiamu na fosfati. Nondo na zege hasa. Ukitaka kuona nondo peke yake, loweka mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa: chumvi zitayeyuka, nawe utaukunja kama mpira. Mwingine uchome motoni: zitaungua nyuzi, na kitakachobaki utakivunja kwa vidole.

Kazi ya kwanza huwa ya haraka na, tuseme ukweli, mbaya kwa sura: nundu nene iliyozunguka palipovunjika. Hapo ndipo ninapowapenda seli wabomoaji. Huyeyusha kilichozidi polepole, wajenzi wakiwafuata nyuma na kujaza panapostahili, miezi hata miaka. Ramani yao ni mzigo. Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliliandikia jambo hilo kitabu mwaka 1892: panapobeba huongezwa, pasipobeba hupunguzwa. Ndiyo maana mcheza tenisi ana mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi, na wanaanga, wasiobeba hata uzito wao wenyewe, hurudi duniani na mifupa iliyopungua. Wajenzi na wabomoaji hawalali hata kwa asiyevunjika. Katika mifupa 206 ya mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi hujengwa upya kila mwaka.

Ngozi iliyochanika sana hubaki na kovu. Mfupa hurudi mfupa.

Mpwa wangu alifunguliwa hogo baada ya wiki sita, mkono umekonda, nundu ikipapaswa. Miaka miwili baadaye alianguka tena, baiskeli ileile, mkono uleule, ila safari hii mfupa ulisalimika. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitafuta alama ya zamani juu na chini, kisha akaniuliza kama nina hakika ulikuwa mkono huo.