Msasa Mchache: Jinsi ya Kupima Kazi ya Plastiki za Ndani ya Gari

Gari likirudi kutoka kwa fundi, wengi hutazama rangi kwanza. Paneli ya mlango iliyojaa michubuko ya viatu sasa ni nyeusi tii, inang'aa, inanukia upya, na mwenye gari analipa bila kubishana. Hapo ndipo kipimo kinapopotea. Rangi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Kigumu, tena kisichorudi kikishapotea, ni ile mikunjo midogo kama ya ngozi ambayo kiwanda kiliichora kwenye uso wa plastiki. Ikishalika kwa msasa au kuzibwa kwa puti, hakuna kopo la rangi litakaloirudisha. Kwa hiyo fundi wa plastiki za ndani apimwe kwanza kwa sehemu alizoziacha bila kuzigusa.

Ushahidi uko kwenye mchubuko wenyewe. Plastiki nyingi za milango na za pembeni mwa viti ni polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki. Ukiigeuza paneli utakuta nyuma imepigwa chapa kama PP-TD20: TD ni unga wa talki, na 20 ni asilimia yake. Kitu kigumu kikipita juu yake, vilele vya mikunjo huparurwa, mwanga hutawanyika kwenye uso uliochimbuka, na weusi hugeuka mstari wa kijivu. Mtazamaji hudhani ni shimo, kumbe mara nyingi mkwaruzo haujafika hata chini ya mikunjo. Tena alama nyingi za kwenye kizingiti cha mlango si mikwaruzo kabisa. Ni raba ya soli iliyoganda juu ya plastiki, nayo hutoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Fundi anayeshika msasa kabla ya kuosha ameshajieleza. Anayejua huosha, hukausha, hutazama upya, kisha hupunguza tu vile vinyuzi vilivyosimama, kwa msasa laini wa namba 600 au 800, palepale penye jeraha.

Kuosha kuna kazi nyingine isiyoonekana. Dawa za kung'arisha dashibodi mara nyingi huwa na silikoni, na silikoni ikibaki, rangi hujikunja na kuacha vijicho vidogo kama vya samaki. Ukiviona, usikubali kuambiwa kwamba plastiki ilikuwa mbovu. Zaidi ya hapo, polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote, rangi ikiwemo. Bila praima maalumu ya plastiki ya namna hiyo, rangi hukaa juu yake kama ngozi iliyolegea na huanza kubanduka ukingoni. Plastiki ya ABS ni kinyume chake: hushika rangi vizuri, lakini thina kali huilainisha hadi mikunjo ikafutika. Ndiyo maana fundi makini huisoma chapa ya nyuma kabla ya kufungua kopo. Mwenye gari anaweza kupima mwenyewe rangi ikishakauka sawasawa: bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ukingo uliojificha, ukandamize, kisha uvute ghafla. Ukitoka na rangi, kazi irudiwe.

Lakini ili chapa isomwe na ukingo upakwe, paneli lazima ifunguliwe, na hapa ndipo mafundi wengi hupinga. Wanasema kufungua kunavunja vibanio, kunakula muda, na kwamba karatasi na gundi vinatosha kuzuia rangi isiruke. Kuhusu vibanio, wana haki. Vya gari kuukuu hukakamaa na baadhi vitakatika. Ila kibanio ni kitu cha kununua na kubadilisha, na fundi mwenye akiba yake dukani tayari amekuonyesha jambo. Paneli iliyopakwa rangi mahali pake huacha mstari mnene pale gundi ilipoishia, na mstari huo ndio wa kwanza kubanduka.

Kufungua nako kuna alama zake za ubora. Skrubu za paneli ya mlango hufichwa nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo vya mkono wa kuegemea. Baada yake vibanio vya pembeni hufunguliwa kwa kijiti cha plastiki, paneli ikanyanyuliwa juu kutoka kwenye ukingo wa kioo, na waya za swichi zikachomolewa. Bisibisi ya chuma huacha meno kwenye ukingo, kwa hiyo pitisha kidole. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyogundishwa kwenye chuma. Ikirudishwa imechanika, maji ya mvua yatashuka ndani hadi kwenye zulia, na katika baadhi ya magari mlango usiozibika vizuri unaweza kukivuruga kihisio cha shinikizo kinachosaidia kufyatua mfuko wa hewa wa ubavuni. Omba kuiona kabla paneli haijafungwa. Penye maandishi SRS AIRBAG, waya wa betri uchomolewe kwanza, kisha fundi asubiri kabla ya kugusa kitu. Toyota huagiza angalau sekunde 90. Kifuniko cha mfuko wa hewa kwenye dashibodi kisitiwe puti wala kubandikwa kitu juu yake. Anayefanya hivyo asipewe gari tena, hata kama milango yake ni mizuri kiasi gani.

Ukaguzi wa uso ufanyike mchana, nje, mlango ukiwa wazi na tochi ikimulikwa kwa mshazari. Tazama mabonde ya mikunjo: makoti mawili matatu membamba huyaacha wazi, koti nene huyajaza na plastiki ikawa laini kama sahani. Kisha linganisha na paneli ya jirani ambayo haikuguswa. Wateja wengi hudai mng'aro, na fundi atasema anawapa wanachotaka. Dashibodi inayong'aa, hata hivyo, hujirudia kwenye kioo cha mbele jua linapowaka na kumziba dereva macho. Kiwanda kiliifanya ififie kwa sababu hiyo, na fundi ana wajibu wa kumweleza mteja.

Yapo majeraha ambayo msasa mchache hauyatoshi: tundu la skrubu, kona iliyomeng'enyuka, uso ulioyeyushwa na sigara. Hapo kujaza ni lazima, na uso mpya wenye vipele hupulizwa kuiga mikunjo. Hilo ni jambo la haki mradi lifanywe kwenye kipande kizima hadi kwenye muungano wake wa asili, kwa sababu kiraka katikati ya paneli hakijifichi.

Na wanaosema heri kununua paneli ya mtumba mara nyingi hawakosei, hasa pale kona imekatika. Ila zipo rangi nyingi za kijivu na za maziwa zinazofanana dukani na kutofautiana ndani ya gari. Kwenye Toyota, tazama bamba la utambulisho penye C/TR: namba ya kwanza ni ya rangi ya bodi, ya pili ni ya ndani. Nenda nayo dukani, na ulinganishe na bamba la gari ilikotolewa paneli hiyo, kama bado lipo.