Vineno Vidogo vya Kiingereza

Hakuna sehemu ya Kiingereza inayowaadhibu wanafunzi wetu kama vile vineno viitwavyo vihusishi: "in", "on", "at", "by", "with" na wenzao. Jina refu la ugonjwa au la mmea mwanafunzi wa kidato cha pili atalikariri, na kesho yake atalitaja bila kukosea herufi. Lakini mpe "in" na "on" achague, utamwona anatazama dari. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi wa Njombe na Makambako kwa miaka mingi, na wino mwekundu mwingi zaidi umemwagika juu ya maneno yenye herufi mbili.

Nataka kuutazama ufundishaji wa vineno hivi kama mhakiki anavyokitazama kitabu, yaani kuuliza unasema nini na unaficha nini. Naona kosa kubwa haliko kwa mwanafunzi. Liko katika orodha anayokaririshwa.

Msomaji aliyepita sekondari anaijua orodha hiyo. Mwalimu anachora mstari katikati ya ubao. Kushoto anaandika "in time", kulia "on time". Kushoto "in the way", kulia "on the way". Kushoto "in the end", kulia "at the end". Kisha panawekwa tafsiri, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu tafsiri ya kushoto na ya kulia aghalabu ni ile ile: kwa wakati, njiani, mwishoni. Mwanafunzi anaambiwa kuna tofauti, lakini haonyeshwi tofauti hiyo. Anakariri kama anayekariri namba za magari yanayopita barabarani.

Kumbe tofauti yenyewe si ngeni kwetu hata kidogo. Tuchukue stesheni ya Makambako, kwenye reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Tuseme ratiba inaonyesha treni itaondoka saa kumi kamili, nayo ikaondoka saa kumi kamili. Hiyo imeondoka "on time", yaani kwa saa yake. Sasa yuko mama aliyetoka Njombe na magunia yake ya viazi, akafika stesheni saa kumi kasoro dakika tano. Huyo amefika "in time", yaani kaiwahi treni. Halafu tuseme treni imechelewa saa tatu, na mama naye, kwa kuharibikiwa na gari njiani, akafika saa kumi na moja. Treni haikuwa "on time", lakini mama alikuwa "in time". Hakuna mtoto wa Makambako asiyeelewa jambo hilo, kwa sababu lugha yake ina kitenzi chake maalumu, kuwahi. Kinachompotosha ni ile "kwa wakati" iliyoandikwa ubaoni mara mbili.

Ni vivyo hivyo kwa habari ya njia. Niliwahi kuonyeshwa barua ya mfanyabiashara mmoja wa mbao, aliyemwandikia mteja wake wa mbali kumtoa wasiwasi kwamba mzigo umekwisha kupakiwa na unakuja. Aliandika kwamba mbao ziko "in the way". Mteja akaelewa kwamba mbao zimeziba njia, akajibu kwa hasira akiuliza ni nani aliyeziweka hapo na kwa nini haziondolewi. Mwandishi wa barua hiyo hakuwa mjinga. Kiswahili kinatofautisha vizuri sana mzigo ulio njiani na mzigo uliozuia njia. Kinatumia kitenzi, basi, wala si kineno cha herufi mbili.

Tazama pia hospitali. Mwingereza akisema mtu yuko "in hospital" ana maana kwamba amelazwa. Akisema yuko "at the hospital", huenda amekwenda kumpelekea mgonjwa uji, au yeye ni muuguzi na yuko kazini. Sisi husema kalazwa, au yupo hospitalini. Hali kadhalika "in the end" ni hatimaye, baada ya mambo mengi kupita, na "at the end" ni mwishoni mwa kitu chenye mwisho, kama barabara, mwezi au kitabu. Maneno tunayo. Ni orodha tu iliyoyafungia nje.

Hapa ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Kila lugha ina mahali inapohifadhi mambo yake. Kiingereza kimehifadhi mengi katika vihusishi, na Kiswahili kimeyahifadhi katika kitenzi na katika viambishi. Mtu akisema "fulani amehama Njombe", tunajua ameondoka. Akisema "amehamia Njombe", tunajua amekuja. Irabu moja imegeuza mwelekeo wa safari nzima. Mgeni anayejifunza lugha yetu huihangaikia irabu hiyo kama mtoto wetu anavyohangaikia "from" na "to", nasi hatumwiti mbumbumbu. Tunatabasamu na kumsifu kwa kujitahidi.

Hata makosa ya wanafunzi, ukiyachunguza, yana akili ndani yake. Anayeandika "married with" amefuata "kuolewa na". Anayeandika "different with" amefuata "tofauti na". Anayeandika "by foot" amefuata "kwa miguu". Tena wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Mwingereza husema "at the weekend", Mmarekani husema "on the weekend". Waingereza wengi husema "different to", Wamarekani wengi husema "different than", na kila upande huona wa pili umepinda. Lakini mtoto wa Makambako akisema "different with", huyo hakuleta lahaja nyingine. Huyo amekosa, na alama inakatwa.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba mtoto huyo huyo huja darasani na utajiri ambao hakuna anayeuhesabu. Wengi wa watoto wa huku wamelelewa katika Kibena, lugha ambayo, kama lugha nyingi za Kibantu, inatenganisha mahali kwa pa, ku na mu: mahali hasa, upande au eneo, na ndani. Kiswahili sanifu kina mgawanyo huo huo. Husema hospitalini pana foleni, hospitalini kuna wauguzi, hospitalini mna joto. Mtoto aliyezaliwa na mgawanyo huu anaweza kabisa kuelewa kwa nini Mwingereza ana "at" na "in". Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia: hii unayo nyumbani, hebu tuitazame inavyovaa nguo nyingine.

Wapo watakaosema kwamba natetea makosa. La hasha. Mtihani ni wa Kiingereza, barua za biashara ni za Kiingereza, na mbao zilizoziba njia ni hasara. Sahihi ni sahihi, na ifundishwe. Ninachokataa ni kuufanya udogo wa kineno kuwa kipimo cha akili. Mwanafunzi husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta jiografia na baiolojia vimegeuka Kiingereza. Anajua mvua inatokeaje. Anajua jani linapumuaje. Lakini akisimama kueleza, anaogopa "in" na "at", na wenzake wanasubiri kucheka. Basi hasimami. Darasa la watoto hamsini linakaa kimya, nasi tunauita ukimya huo uvivu.

Jambo hili si geni kwa watu wa huku. Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, iliongozwa na Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kaskazini kwa miaka mingi. Tume hiyo ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Mwaka 1983 serikali iliamua Kiingereza kiendelee. Sitaki kuufungua tena mjadala huo hapa, maana kila upande una hoja zake. Nasema tu kwamba maadamu tumeamua watoto wapite katika mlango wa Kiingereza, ni wajibu wetu kuwaonyesha kizingiti kilipo, badala ya kusimama pembeni kuhesabu wanaojikwaa.

Wakati tunalinda "in" na "on" kwa wino mwekundu, vineno vyetu wenyewe tumeviacha bila mlinzi. Siku hizi "kwenye" imemeza kila kitu. Watu husema kwenye shule, kwenye meza, kwenye saa mbili, kwenye suala la maji. Shuleni na mezani zinapungua. "Nyumbani mwangu" na "nyumbani pangu" zimekuwa maneno ya vitabuni, imebaki "nyumbani kwangu" peke yake. Nako "mwisho wa siku" tumelitoa kwa Mwingereza likiwa zima, tukalitumia mahali pa hatimaye, hata asubuhi. Hakuna anayekatwa alama kwa hayo.

Ningeomba basi walimu wafanye jambo moja dogo. Siku ya kufundisha "in time" na "on time", wafute ile tafsiri ya katikati ya ubao. Wawaulize watoto: treni na abiria, nani kawahi na nani kafika kwa saa yake? Wawaache wajibu kwa Kiswahili, na wakitaka kwa Kibena, mpaka tofauti ionekane. Kisha waandike Kiingereza. Dakika kumi zinatosha, na fedha haihitajiki. Naamini wapo watakaonyoosha mkono ambao hawajawahi kuunyoosha.