Ufundi wa Kukata Neno

Mtoto wa darasa la kwanza anayeghani ba-be-bi-bo-bu anajifunza kazi itakayomfaa hata akija kuwa daktari. Kugawa silabi huonekana mchezo wa watoto, mpaka siku utakapowekewa mbele yako neno la tiba lenye herufi 45.

Neno hilo lipo. Mwaka 1935 Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, alilibuni makusudi ili liyapite mengine yote kwa urefu, na kamusi kubwa za Kiingereza zikalipokea: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Hata neno la utani lina maungio. Fundi hulikata kama mpishi akatavyo kuku: kisu hupita kwenye viungo, mfupa hauguswi.

Mkato wa kwanza ni wa maana. Pneumono ni mapafu. Ultramikroskopi ni kitu kidogo kiasi cha kuishinda hadubini. Siliko ni silika, madini ya mawe, volkano twaijua. Koni ni vumbi kwa Kigiriki, na osi ni hali au ugonjwa.

Mkato wa pili ni wa ulimi, nao una sheria zake. P ya mwanzo, ambayo Waingereza huiandika wasiitamke, tunaiacha kama tulivyoiacha kwenye nimonia. P ya skop, shina la kutazama, inahama na kuketi na irabu iliyo mbele yake: sko-pi.

Kisha ipo siri ya kazi: anza mkiani. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukijenga kutoka mwanzo, kila silabi unayoiongeza huuhamisha. Ukijenga kutoka mwisho, hautikisiki. O-si. Ni-o-si. Ko-ni-o-si. Vol-ka-no-ko-ni-o-si. Endelea hivyo hadi silabi zote 19 zitimie: nu-mo-no-ul-tra-mi-kro-sko-pi-si-li-ko-vol-ka-no-ko-ni-o-si. Mkazo umebaki kwenye o, palepale Waingereza wanapouweka.

Utani ni wa jina tu. Wachimbaji wanaovuta vumbi la miamba huugua kweli, na madaktari huuita ugonjwa huo silikosi. Mhudumu aliyeizoea mikato yote miwili hutaja majina ya namna hii bila kubabaika. Mgonjwa akiuliza, “Ndiyo nini hiyo, daktari?” hahitaji kukimbilia kamusi: ni vumbi la mawe lililoingia mapafuni likayadhuru.